Niliacha Mashine Imwite Mke wa Kogo Kijakazi

Nimekosa, na sitafuti mtu wa kunihurumia. Siku hizi nikijiangalia kwenye kioo naona kinyaa. Acha niseme tu, maana kukaa na hili jambo moyoni kumenishinda.

Nafanya kazi kwenye shirika dogo la kusaidia wajane, ofisi yetu iko Kericho mjini. Kazi yangu ni kuzungukia akina mama, kusikiliza maisha yao, kisha kuyaandika ili wafadhili walio ng'ambo waone msaada wao unafanya nini.

Huko milimani upande wa Mogogosiek kuna mjane mzee, nitamwita Kogo, yaani nyanya. Kogo hakujaliwa mtoto. Kwetu Wakipsigis, mama kama huyo anaweza kuoa mwanamke mwenzake, kwa mahari na sherehe kamili, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake na warithi shamba lake. Kogo alioa hivyo. Mke wake nitamwita Chebet, si jina lake. Wana wavulana wawili na shamba la majani chai linaloshuka mpaka mtoni.

Shirika liliwapa ng'ombe wa maziwa. Nilipoenda kuwaona, Kogo alinimiminia mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, wakanieleza maisha yao wakicheka na kukatizana maneno. Nilitoka pale nimeshiba na nimefurahi.

Kumbe ofisini mkurugenzi alikuwa ametuletea hii AI, akili unde, ituandikie ripoti. Hakuna aliyetufundisha chochote: nini kiingizwe humo, nini kisiingizwe, nani asome kabla ya kutuma. Tuliambiwa tu itatupunguzia kazi. Nikamwaga kila kitu! Majina, kijiji, hata picha niliyowapiga wakiwa na ng'ombe. Wala sikuwa nimewauliza.

Mashine haikuelewa mwanamke kuwa na mke. Ikaandika kwamba Chebet aliuzwa akiwa msichana kwa mwanamke mkongwe, akatumikishwa kwenye majani chai kama kijakazi, mpaka shirika letu likamkomboa kwa kumpa ng'ombe.

Niliisoma yote. Hapo ndipo uchafu wangu ulipo! Siwezi kusema nilidanganywa, kwa sababu nyanya yangu mwenyewe kule Kipkelion aliolewa na mwanamke mwenzake. Nilijua ni uongo mtupu. Lakini Kiingereza kilikuwa kitamu, na mimi nilitaka kwenda nyumbani. Nikabadilisha majina tu, nikatuma. Mkurugenzi akanipongeza, akasema habari kama hii ndiyo wafadhili wanapenda.

Wafadhili wakaiweka kwenye mtandao, na picha juu.

Sasa Kogo ana shemeji, ndugu ya marehemu mume wake, ambaye amelimezea mate hilo shamba miaka yote. Sijui ni nani alimtumia. Aliisoma kwenye kituo cha kupimia majani, watu wakisubiri lori la kiwanda, akiitafsiri pole pole ili kila mtu asikie. Kutoka hapo akaenda kwa chifu. Alisema hata shirika lenyewe limekubali kwamba Chebet si mke bali ni mfanyakazi, na watoto wake si wa nyumba hiyo, kwa hivyo shamba ni lake yeye.

Nilipomweleza mkurugenzi, alisema tuombe ifutwe kimya kimya, wafadhili wasishtuke. Halafu akaniambia nimwombe Kogo msamaha kwa barua, na hiyo barua iandikwe na AI. Ptuu! Nilitaka kumtemea mate, kisha nikakumbuka ni nani alituma ile ya kwanza.

Nilienda kwa chifu mwenyewe. Nilisimama mbele ya wazee na majirani, nikasema kile nilichotuma kilikuwa uongo. Shemeji hata hakukasirika. Aliniuliza kwa upole, "Sasa madam, ulidanganya wazungu, ama ni sisi unadanganya leo?"

Chifu aliahirisha kesi, na mpaka leo haijaamuliwa. Chebet anachuma majani kwenye shamba ambalo hajui kama watoto wake watalipata.

Siku hiyo nilipita kwa Kogo. Nikaanza kumweleza mambo ya mashine, vile haijui mila zetu, vile inajibunia mambo. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kibuyu kilikuwa pale pale ukutani, na hakukigusa.

"Hiyo mashine mimi sijawahi ona," akasema. "Ni wewe nilipatia maziwa."

Nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, mnaofurahia vitu hivi vipya kama nilivyofurahi, tafadhalini! Siwaambii muviache. Hata mimi bado naitumia kupanga ratiba yangu. Lakini maisha ya mtu msiyamwage humo kabla hajakubali. Na ikishawaandikia, msitume. Mrudieni mwenyewe, mumsomee kwa lugha yake, mpaka aseme ndiyo, huyo ni mimi.

Ningemsomea Kogo ile takataka, angenifukuza kwa fimbo mpaka barabarani, na ningestahili. Lakini wale wavulana wangekuwa bado na uhakika wa shamba lao.