Dubwana la Sita

Tulikubaliana hivi: siku nitakayomshinda mume wangu, hata mara moja tu, kabla mwaka haujaisha, tutajenga Lusahunga. Mwaka ukiisha sijamshinda, tutajenga Ngara, kwenye shamba la mama yake. Watu wazima wawili, tena waliofunga ndoa kanisani, tukaiweka nyumba yetu mikononi mwa mchezo wa simu. Najua inavyosikika. Lakini tulikuwa tumeizungumza nyumba hiyo kwa miezi, na kila tulipoizungumza tuliishia kununiana, naye akaondoka na lori lake bila kula vizuri. Mchezo angalau tuliucheza tukicheka.

Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu ilikaa kwenye kibaraza cha chumba tulichopanga Lusahunga, hatua chache kutoka mahali malori yanapoegeshwa. Madereva waliniletea suruali zilizoachia mishono, na akina mama wa Nyantakara, kwetu nilikozaliwa, waliniletea vitenge siku za gulio. Kule Ngara kuna migomba, kuna hewa nzuri, na kuna mama mkwe ambaye nampenda bila kulazimishwa, ila hakuna wateja. Kwangu, kuhamia kule kulikuwa ni kuacha kazi. Yeye alisema mama yake anazeeka peke yake, na hilo nalo lilikuwa kweli. Ndiyo maana hatukumaliza.

Mchezo aliuokota kwenye foleni ya Rusumo, mpakani, ambako dereva anaweza kukaa siku mbili akisubiri karatasi zigongwe mhuri. Una madubwana mengi kupita unavyoweza kukumbuka. Unachagua sita, mwenzako naye sita, nayo hutoka moja moja kupigana mpaka upande mmoja uishiwe. Kila dubwana lina asili yake. La maji hulizima la moto, la moto hulichoma la majani, la majani hulikausha la maji, halafu kuna ya mwamba, ya umeme, ya sumu. Kuna yanayopiga sana, kuna yanayovumilia kipigo, na kuna mengine kazi yake ni kuponya wenzake. Unaweza kulirudisha moja nyuma na kutoa jingine, lakini kila ukifanya hivyo linaloingia hupokea kofi la bure.

Ukorofi wake ni kwamba huioni timu ya mwenzako yote. Unaona lile tu lililotoka. Mshindi peke yake ndiye huonyeshwa, mwishoni kabisa, madubwana yote sita ya aliyeshindwa. Kwa kuwa sikuwa nimeshinda hata mara moja, timu ya mume wangu sikuwa nimeimaliza kuiona.

Timu yangu ya kwanza ilikuwa moto mtupu. Nilipitia orodha, nikaona ya moto ndiyo yanapiga kuliko yote, nikachukua sita. Nilijiona mjanja sana. Yeye akatoa kitu kimoja cha maji, kifupi, kinene, chenye macho ya usingizi, kikakaa palepale na kuyazima madubwana yangu yote moja baada ya jingine. Alikuwa amekaa kitandani pembeni yangu anakula muhogo. Akafuta mkono, akaniambia, "Fundi, pole." Hilo ndilo jina analoniita tangu tujuane.

Hasira yangu si ya kupiga kelele. Ni ya kutaka kujua. Nilichukua daftari langu la vipimo, lile ninaloandika kifua, kiuno na urefu wa mikono ya wateja, nikaligeuza na kuanza kuandika kutoka nyuma. Kila tulipocheza, yeye akiwa Rusumo au Kahama na mimi kwenye cherehani, niliandika alichotoa, alitanguliza nini, alirudisha nini, na kipi kilinimaliza. Mteja mmoja nusura nimshonee gauni kwa nguvu za dubwana la mwamba, maana kurasa mbili zilikutana katikati ya daftari.

Baada ya kushindwa mara tisa nilikuwa na madubwana yake matano kwa undani. Kile kinene cha maji. Ndege wa umeme mwenye kasi. Jiwe lenye miguu. Mdudu wa sumu. Na kile cha kuponya, chenye majani kichwani, nilichokichukia kuliko vyote. Mstari wa sita ulikuwa mtupu. Kila mara alinimaliza kabla hajahitaji kulitoa la sita. Nililiwazia nikipiga pasi, nililiwazia hata kwenye misa, Mungu anisamehe. Nilipomwuliza ni la aina gani, alisema siku yake haijafika. Nikaamini ni silaha nzito aliyoificha.

Nikabadili timu. Kwa kila dubwana lake nilitafuta linalolizidi, moja kwa moja, matano kwa matano, na la sita nikaweka lenye nguvu kwa ajili ya lile nisilolijua. Kwenye daftari ilipendeza. Kwenye simu alitoa kwa mpangilio tofauti, kila langu likakutana na lisilo lake, nikapigwa vibaya zaidi kuliko mwanzo. Nilizima simu na sikumpigia siku nzima.

Mvua za kwanza zilipokaribia nilienda Ngara kumsaidia mama mkwe kupanda maharage. Nilimkuta anatoka shambani, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba akaniuliza kama njaa ya barabarani imenikondesha. Kesho yake asubuhi alinipa ungo uliojaa mbegu, akasema nichambue, yeye anaenda kwa jirani mara moja.

Sasa mimi nimekulia karibu na barabara. Lusahunga wachuuzi wa maharage hutaka rangi moja kwenye gunia moja, na ukipeleka mchanganyiko wanakuangalia usoni na kushusha bei. Kwangu kuchambua kulikuwa ni huko. Ungo wa mama ulikuwa na kila kitu: mekundu, ya njano, yenye madoadoa, meupe ya mviringo, mengine ya zambarau, na mengine madogo meusi yaliyokunjamana ambayo nilidhani ni mabovu. Nilitenganisha kila rangi fungu lake. Yale madogo meusi niliyatoa yote, nikayaloweka kwenye sufuria yawe mboga ya mchana. Nilipomaliza nilikuwa na mafungu safi juu ya mkeka, na nilikaa kando nikisubiri kusifiwa.

Mama aliporudi alisimama mlangoni. Hakugomba. Aliniuliza tu yale madogo yako wapi, nikamwonyesha sufuria. Aliinama, akamwaga maji taratibu, akaingiza mkono na kuyageuza. Kisha akasema twende shambani sasa hivi, maana yakishakunywa maji hayasubiri. Mvua ilikuwa haijaanza sawasawa, na yeye alikuwa amepanga kupanda wiki inayofuata. Tulipanda mchana ule, bila kula, na nilijisikia mjinga kuanzia kisigino hadi utosi.

Alinieleza tukiwa tumeinama, bila kunigeukia. Mbegu zile alipewa na mama yake alipoolewa, zikiwa zimechanganywa hivyohivyo. Hapandi maharage ya rangi moja, anapanda mchanganyiko, na kazi ya kuchambua ni kuangalia mchanganyiko umekaa sawa: kama mwaka jana aina fulani imepungua, anaongeza kutoka kwa jirani. Nikamwuliza anajuaje ipi ni nzuri.

"Siulizi ipi ni nzuri," alisema. "Kila moja nauliza inakufa na nini. Hii inakufa na jua. Hii inakufa na mvua nyingi. Hii wadudu wanaipenda. Zisife siku moja zote, basi."

Na yale meusi? Hayana ladha, akasema, na yanachelewa kuiva kwenye chungu mpaka kuni zinaisha. Lakini mwaka mvua ilipokatika mapema ni hayo tu yaliyobaki, na mwanawe, yaani mume wangu, alikuwa bado ananyonya.

Nilipanda mistari mitatu mizima. Halafu nikaanza kumwuliza maswali mpaka akachoka. Je, kuna zinazosaidiana? Alisema zile ndefu hupanda kwenye mabua ya mahindi na kuzipa nafasi zile fupi. Je, anaweka ngapi za kila aina? Alisema haweki kwa idadi, anaweka kwa mkono na kutazama. Jioni nilimwonyesha mchezo kwenye simu. Alivaa miwani, akaangalia lile jiwe lenye miguu, akauliza swali ambalo mimi kwa miezi sikuwa nimeuliza: wakishaanza kupigwa, nani anampokea mwenzake?

Niliporudi Lusahunga niliifuta timu yote. Safari hii sikuanza na madubwana ya mume wangu yaliyo daftarini. Nilichukua dubwana moja la moto nililolizoea, nikaandika linakufa na nini: maji, na mwamba. Nikatafuta la pili ambalo maji na mwamba havilisumbui, nikapata la majani, jembamba, ambalo hata sura halina. Lenyewe linakufa na sumu. La tatu likawa la chuma, sumu haipiti. Nikaenda hivyo mpaka sita, kila moja likiwa na wa kulipokea, na hakuna kitu kimoja ambacho kingeyaua hata matatu. Mawili kati ya hayo yalikuwa dhaifu kiasi kwamba zamani ningeona aibu kuonekana nayo.

Tulicheza Jumapili mchana, nimetoka kanisani, kitambaa cha kichwa bado nimekifunga. Krismasi ilikuwa karibu. Yeye alikuwa Rusumo kwenye foleni. Alitoa kile kinene cha maji, kama kawaida yake, na mimi nikarudisha moto nyuma na kuingiza la majani. Nilihisi kama namwona kule Rusumo ananyanyua nyusi. Alitoa mdudu wa sumu, nikaingiza la chuma. Kila alichotoa kilikuta mlango umefungwa na mtu nyuma yake. Ilichukua muda mrefu. Ndege wake wa umeme aliniondolea mawili, kile cha kuponya kikanichosha, lakini vilianguka, kimoja, viwili, vyote vitano. Niliiweka simu juu ya cherehani.

Yangu nayo yalikuwa yameanguka, nimebakiwa na moja tu, lile la moto, uhai wake umebaki mstari mwembamba mwekundu. Yeye alibakiwa na lile la sita. Saa ya mchezo ikaanza kuhesabu kumsubiri alitoe. Niliinama juu ya simu. Nilitaka kushinda, ndiyo, lakini nakiri kwamba dakika ile nilitaka zaidi kuliona.

Halikutoka. Saa ilikaribia kuisha, kisha maandishi yakaja kwamba mwenzangu amekubali kushindwa.

Nikafunguliwa timu yake yote. Matano niliyajua. La sita lilikuwa kidubwana kidogo cha maji, levo ya chini kabisa, ambacho mtu yeyote anayecheza hukitupa wiki ya kwanza. Nilikitambua. Tulikipata pamoja siku aliponionyesha mchezo mara ya kwanza, tumekaa kwenye ngazi ya lori lake, mimi ndiye niliyebonyeza. Mchezo hukuruhusu kuyapa madubwana majina, na hicho alikipa jina. Alikiita Fundi.

Maana yake miezi yote ile alikuwa akinipiga kwa matano. Na maana yake nyingine niliiona baadaye kidogo: kidubwana kile kilikuwa cha maji, na mimi nilikuwa nimebakiwa na moto wenye uhai wa pigo moja. Kama kingetangulia kupiga, ningeshindwa. Kama ningetangulia mimi, kingeanguka.

Nilimpigia. Nilimwambia alikuwa na nafasi ya kushinda, nyumba ya Ngara ilikuwa mkononi mwake, kwa nini hakukitoa.

"Kingepigwa," alisema.

Nyuma yake nilisikia lori likiwashwa, foleni ilikuwa inasogea. Akaniuliza Lusahunga nataka upande gani wa barabara. Nilitaka kumwambia tusahau, tukajenge kwa mama. Sikumwambia. Nilisema upande huu wa kwetu, karibu na wateja. Nilifurahi na niliona aibu, vyote kwa pamoja, na sikupenda kwamba furaha ndiyo iliyokuwa kubwa.

Msingi tulipima baada ya mvua kuisha. Alimleta mama yake kutoka Ngara aone kiwanja. Mama alitembea pande zote nne, akapima vumbi la barabara kwa macho, akasimama pale mlango utakapokuwa. Hakuwa ameambiwa habari ya mchezo wala ya makubaliano yetu. Akauliza ni nani aliyechagua hapa, na alipouliza alikuwa ananitazama mimi.

"Mimi, mama," mume wangu akajibu.

Mama akamgeukia. Akamwambia amechagua mbali. Mume wangu akasema anajua. Mimi nilikuwa nimeshika ncha ya kamba ya kupimia, na sikumwambia kwamba aliyechagua ni mimi.