Nesi na Nukta Zake

Shangazi yangu ni mtu wa kukutia wazimu, na nasema hivi huku nampenda. Alikuwa nesi wa wodi ya wazazi kwa miaka thelathini na minne, akastaafu, na badala ya kupumzika kama wenzake akafungua kundi mtandaoni la akina mama wenye watoto wachanga. Alianza na majirani sita. Siku aliponiita nimsaidie walikuwa elfu kumi na moja, na wote wanamwita Nesi.

Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Wauza dawa za kupunguza tumbo, matapeli, wanaume wanaotafuta wachumba kwa wanawake waliojifungua juzi. Sijui watu hawa wana akili gani. Nesi alifuta jumbe zao kwa kidole kimoja, miwani puani, tangu asubuhi mpaka chakula kikaungua jikoni. Mimi kazi yangu ni kuandika programu. Nikamwambia nitamtengenezea akili mnemba ifute kwa niaba yake.

"Ina mtoto?" akauliza.

"Nani?"

"Hiyo akili yako."

"Shangazi, ni programu."

"Haya. Nimeuliza tu."

Ndivyo tulivyoanza miezi mitatu ya kutoana roho. Mashine ya namna hii hujifunza kwa kutazama: kila ujumbe Nesi aliofuta na kila aliouacha, yenyewe inaweka kumbukumbu. Niliweka pia kisanduku kidogo cha kuandika sababu ya kufuta. Nesi hana muda wa visanduku. Alipoona hakikubali kuachwa kitupu, akawa anaweka nukta. Jumbe elfu nne, nukta elfu nne.

"Shangazi, sababu!"

"Sababu ninayo mimi. Mashine inaitakia nini?"

"Ndiyo ijifunze!"

"Mimi nilifundishwa na mkunga ambaye hakuwa msemaji kabisa. Nilitazama mikono yake tu."

Ukibishana na mtu aliyezoea kuwaamrisha wanawake wasukume, mwisho utasukuma. Nilichoka, nikakiondoa kile kisanduku kwa hasira, nikaiacha mashine ijifunze kwa kutazama mikono.

Nilipoijaribu, ilikubaliana na Nesi mara tisini na saba katika kila mia. Kichwa kikanivimba. Jumatatu nikaiwasha, nikamwambia Shangazi asiliguse kundi wiki nzima, apumzike.

Jumamosi nikaenda kwake nikitegemea shukrani. Nilimkuta sebuleni amekunja uso.

"Mbona kundi limepoa?"

"Limesafishika, Shangazi."

"Wiki nzima hakuna mtoto mwenye homa? Katika watoto elfu kumi na moja?"

Nikafungua pipa, mahali zinapotupwa jumbe zilizofutwa, nimwonyeshe takataka tulizoepushwa. Zilikuwepo, tele. Katikati yake zilikuwepo na nyingine. Mtoto wangu macho yamekuwa ya njano. Mtoto kitovu kinatoa usaha. Mtoto ana siku tisa, tangu jana ananyonya kidogo sana, analala tu. Nikazihesabu. Zilikuwa thelathini na moja.

Nikaizima mashine, nikarudi kwenye kumbukumbu za miezi mitatu nione imepotoka wapi. Haikupotoka popote. Jumbe kama hizo Nesi mwenyewe alikuwa akizifuta, zote, ndani ya dakika moja tu.

"Shangazi, ni wewe! Ulikuwa unafuta wagonjwa!"

"Ndiyo. Nafuta, halafu nampigia mama yake. Nikiuacha ujumbe pale watakuja elfu kumi na moja, kila mtu na udaktari wake. Mpe maji, mpake mafuta, mfunike blanketi. Mtoto atakufa wakati wanapiga kura."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwani hukujua? Kila mama kwenye kundi anajua."

Mimi sina mtoto. Kundini niliingia kama fundi, sikuwahi kusoma mazungumzo ya mtu hata siku moja. Nilitaka kumpigia kelele, kisha hasira ikanigeukia mwenyewe. Mashine iliona kufuta, haikuona simu. Na mahali pekee ambapo mtu angeweza kuandika neno "nampigia" nilikuwa nimepaondoa mimi, kwa sababu ya nukta. Kuuliza si ujinga, na sikuuliza.

Nesi alikuwa ameshabonyeza namba ya mama wa mtoto wa siku tisa, simu iko kwenye spika.

"Nesi!" mama yule akaitikia. "Nimekusubiri. Nilipoona umenifuta nikajua utapiga. Baba yake alitaka twende hospitali, nikamwambia tulia, Nesi ameshaona."

"Uliandika lini, mama?"

"Alhamisi."

Ilikuwa Jumamosi, saa tano asubuhi. Nesi hakupandisha sauti hata kidogo, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Mkune unyayo. Analia?"

"Anafungua macho kidogo, halafu anayafumba."

"Mvue nguo, mweke kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, mjifunike. Nendeni hospitali sasa hivi, msifunge hata mlango. Nampigia daktari wa zamu awasubiri."

Nisikuweke roho juu: mtoto alilazwa siku nane, akatoka ananyonya vizuri. Lakini asubuhi ile sebuleni hatukulijua hilo. Nesi alimpigia daktari, akamaliza, akakaa ameshika magoti. Sijawahi kumwona mzee namna ile. Kisha akanisukumia simu yake mezani.

"Bado thelathini."

"Shangazi, mimi si nesi. Nitawaambia nini?"

"Uliza ananyonya, ana joto, anaamka. Ukikwama niko hapa. Aliyewafuta wiki hii ni wewe, basi piga wewe."

Nikaanza na mama wa mtoto mwenye macho ya njano, aliyeandika Jumanne. Nilikuwa nimejipangia maneno ya kuomba radhi, nimeyarudia kichwani mara tatu. Simu haikuita hata mara ya pili.

"Afadhali, Nesi," akasema kabla sijafungua mdomo. "Nilimwambia mama mkwe, atapiga tu."