Mume Wangu Diwani Alilia Matangani Mpaka Alipojua Hawapigi Kura

Admin, nifiche jina, maana Wakongo wa Brussels tunajuana. Mimi ni mama wa miaka sitini na minne, mzaliwa wa Bukavu. Mume wangu nitamwita Diwani, maana hata mezani anapenda kuitwa hivyo. Amestaafu siasa mwezi uliopita. Jumamosi hii binti yetu Furaha anamfanyia sherehe, na mimi nimepangiwa kushika maikrofoni nimsifu.

Miaka ya tisini tulikuwa tunakaa Anderlecht. Diwani alikuwa ndiyo kwanza amepata uraia, na chama kimoja kikamweka kwenye orodha ya wagombea udiwani wa komini, yaani halmashauri ya mji wetu, ili kionekane kina mtu mweusi. Bwana huyu akavimba kichwa! Kampeni yake yote akaifanyia matangani. Popote penye msiba wa Wakongo yumo, suti nyeusi, leso mkononi, analia kuwashinda wafiwa, halafu anagawa vikaratasi vyenye picha yake.

Uchaguzi ulipokaribia, dada yangu akafariki. Dada huyu ndiye aliyetupokea kwake tulipofika Ubelgiji hatuna pa kulala. Alipolazwa, Diwani hakukanyaga hospitali. Lakini matangani alikuja na mpiga picha wa chama, akajitupa chini, akalia mpaka mimi ndugu wa damu nikaona haya. Aliponyanyuka akagawa vikaratasi.

Papa mmoja, mzee wa Uvira, akamwita kwa upole: "Tonton, pole sana. Lakini tuseme kweli, sisi benye tuko hapa tuko na carte ya bakimbizi. Hatuna haki ya ku-voter."

"Bote?"

"Bon, karibu bote."

Machozi yakakauka pale pale. Jamani, mume wangu alipita kiti kwa kiti akivikusanya vikaratasi vyake, hata kile alichoshika mtoto wa marehemu. Kisha akatafuta koti lake.

"Mama Furaha, niko na réunion, mukutano ya chama. Mutamuzika vizuri."

Hakuzika. Alikwenda kwenye nyumba ya wazee nilikokuwa nafanya kazi ya kuwaogesha bibi wa Kizungu, akajitambulisha kuwa ni mume wangu. Wale bibi walinipenda, wakampigia kura. Hivyo ndivyo alivyopata kiti. Alikikalia miaka na miaka, akinyoosha mkono kila kiongozi wa chama aliponyoosha wake. Siku moja tu nilimsikia amepandisha sauti barazani, na ni kwa sababu mtu alikuwa ameegesha gari mahali pake. Namdharau, sifichi.

Nilinyamaza kwa ajili ya Furaha. Alikuwa mdogo, na anamwona baba yake shujaa. Juzi ameniambia: "Maman, useme vile papa hakukosaka deuil, matanga hata moja ya batu betu." Na mtoto wa dada yangu, niliyemlea mimi mwenyewe, amealikwa. Atakaa meza ya mbele. Kile kikaratasi hajakisahau, aliwahi kuniambia.

Nikisema kweli, namvunja binti yangu mbele ya wageni. Nikisifu, namzika dada yangu mara ya pili, huku mwanawe akinitazama machoni.

Ndugu zangu, nishaurini, nifanye nini? Nishike ile maikrofoni, au na mimi nitafute koti langu?