Nani Alizima Mtambo wa Barua

Mimi ni mchora ramani, na hasira zangu ziko karibu, sifichi. Lakini siku ile hata mpole angerusha kiti.

Ofisi yetu ni ya wapima viwanja, watu sita, vyumba vitatu. Karani wetu tunamwita Dada Waya, maana hakuna kitu chenye waya ambacho hajawahi kukifungua. Miaka tisa yuko pale kama kibarua. Kila mwaka mkataba mpya, na kila mwaka mzee, yaani mkurugenzi wetu, anamwambia, "Vumilia, mwanangu." Mwanangu! Mwanawe wa kumzaa angemweka kibarua miaka tisa?

Mwaka jana mpimaji mmoja aliacha kazi akaondoka na barua pepe za wateja, kwa sababu kila mtu alikuwa anatumia anuani yake binafsi. Mzee akaja juu. Akataka barua zetu zikae kwetu, kwenye mtambo wetu wenyewe. Dada Waya akanyoosha mkono: ataujenga yeye. Mzee akaahidi mbele yetu sote: mtambo ukifanya kazi miezi mitatu, karani anapata ajira ya kudumu.

Jamani, yule dada alihangaika! Alichukua kompyuta kuukuu tuliyokuwa tunawekea birika juu yake, akaipangusa, akaiweka kwenye stoo ya karatasi, karibu na dirisha isipate joto. Akapakua programu za bure, akakaa wiki tatu akizisoma. Mtambo ukawaka, lakini barua zetu huko ziendako zikawa zinaangukia kwenye barua taka, eti kama za matapeli. Akaipigia simu kampuni ya intaneti kila asubuhi, siku kumi na moja mfululizo, mpaka wakasajili jina letu upande wao. Barua ya kwanza ilipojibiwa, alicheza peke yake stoo. Nilimwona.

Na mzee je? Hakufungua anuani yake hata mara moja. Kwake yeye barua si barua mpaka ichapwe kwenye karatasi na kupigwa mhuri. Basi Dada Waya akawa anachapa kila kitu na kumpelekea mezani.

Sasa, pale kwetu kuna utaratibu alioanzisha mzee mwenyewe. Wa mwisho kutoka jioni anazima swichi kuu, anaandika kwenye daftari linaloning'inia mlangoni, anatia sahihi. Mtambo ulipoanza, Dada Waya alibandika karatasi juu ya swichi: "Hii isizimwe. Zima za vyumbani tu." Na kwa mdomo akamweleza mzee. Mzee akajibu, "Nimekusikia."

Mwisho wa mwaka tukafunga ofisi siku tisa. Tuliporudi, ikaja simu. Mteja wetu mkubwa, mwenye viwanja mia mbili vya kupimwa, alikuwa ametuma barua ya kutupa kazi. Barua ikazunguka siku tano bila kupokelewa, ikarudishwa kwake. Kazi akawapa wengine. Ilikuwa imebaki wiki moja tu miezi mitatu itimie.

Mzee akatuita sote chumba cha mbele.

"Kosa langu ni kumpa karani kazi ya wataalamu," akasema. "Binti, kusanya vitu vyako."

"Mzee, mtambo ulikosa umeme. Nimeukuta umezimwa..."

"Usinijibu!"

Dada Waya akaanza kuokota kikombe chake na kalamu zake. Loo, damu ilinichemka! Nikaenda mlangoni, nikang'oa daftari pamoja na msumari wake, nikasoma kwa sauti: "Nimezima umeme wote na swichi kuu. Mkurugenzi." Sahihi hiyo hapo chini. Na ile karatasi ya onyo alikuwa ameibandua, akaikunja vizuri na kuiacha katikati ya ukurasa huohuo!

Mzee akakohoa. "Wote mlikuwa likizo. Nikaona na mashine nayo ipumzike." Kisha akapunga mkono. "Basi, yaishe."

Yaishe! Unamfukuza mtu mbele ya wenzake, halafu yaishe! Nikafungua mdomo, lakini Dada Waya akaniwahi.

"Hayaishi, mzee. Andika. Anuani yako nilikufungulia tangu siku ya kwanza."

Mzee akaketi kwenye kompyuta. Hata neno la siri hakulijua, akatajiwa. Aliandika kwa kidole kimoja karibu robo saa, sisi tumesimama. Kisha barua pepe yake ikaingia kwenye kompyuta ya kila mmoja wetu: "Aliyezima mtambo ni mimi. Karani amepewa ajira ya kudumu kuanzia leo."

Dada Waya akaichapa, akamwekea mbele yake, akamsogezea na mhuri.

"Hii sasa ni barua, mzee, au bado?"

Mzee akapiga mhuri. Dada Waya akaichukua, akawa anaipepea wino ukauke, machozi yanamtoka na uso bado ameukunja.