Mawaridi Meupe kwa Mgonjwa

Siku yangu ya kwanza dukani, bosi hakuniruhusu kufunga shada hata moja. Alinipa ndoo na mkasi, nikakata vikonyo kwa mshazari ili mawaridi yanywe maji vizuri. Jioni ndipo akanifundisha maana zake. Mekundu ni mapenzi. Ya njano ni urafiki na pongezi. Meupe ni ya bibi harusi na ya marehemu. "Mgonjwa usimpelekee meupe," akasema. "Atadhani mmeshamzika."

Nikaishika sheria hiyo, hata aliponikabidhi duka la Nyegezi, jirani na stendi. Wasaidizi wangu walinijua: utepe ukilegea, shada zima nalifumua. Nilikuwa mkali na sijutii. Ninalojutia ni jingine.

Mzee mmoja wa Kamanga, ng'ambo ya ziwa, alinipigia simu. Baada ya shikamoo na marahaba akaeleza kwamba mkewe amelazwa huku mjini, na yeye atavuka kesho kwa kivuko cha kwanza.

"Nifungie meupe matupu, mwanangu, umpelekee leo hii. Mwenyewe ataelewa."

"Baba, meupe kwa mgonjwa hayafai."

"Wewe funga tu."

Nikaitikia sawa, nikafunga mekundu. Nilijiona nimemsitiri mzee wa watu. Nikayapeleka mwenyewe wodini, nikamwambia yule mama yametoka kwa mumewe. Aliyatazama kwa muda, akayaweka kando.

"Tuligombana," akasema. "Nilimwambia akinisamehe aniletee meupe, kama yale niliyoshika kanisani. Basi, bado."

Hapo hapo ningesema ni mimi niliyebadilisha. Niliona aibu, meneja mzima. Nikamuaga, nikajisemea kesho asubuhi nitamletea meupe yake, mambo yataisha.

Asubuhi nikafika nayo. Kitanda kilikuwa kimetandikwa upya, na mzee amekaa pembeni, kofia magotini. Mama alikuwa amefariki alfajiri.

"Wewe ndiye wa maua?" akaniuliza. "Jana aliyaona?"

Nikamwambia ukweli wote. Alinyoosha mikono, akayapokea yale meupe, akaenda nayo mochwari kumpa.

Sasa nimestaafu, nakaa Mkolani. Mabinti wa maduka ya maua hunijia kuniuliza rangi ipi ina maana gani. Nawaambia: muulizeni anayetuma, kisha mfunge alichosema. Na mkikosea, semeni palepale, mwenye maua akiwa bado anasikia.