Kuku wa Bibi Mwanahawa

Mwalimu wa kisomo cha watu wazima pale Magamba haandiki hesabu ya fumbo kabla hajaitafuna. Hufumba macho, chaki ikizunguka vidoleni: “Tuseme mbuzi ni m, tuseme kuku ni k.” Siku alipowaomba wanafunzi watunge fumbo la nyumbani kwao, Bibi Mwanahawa, ambaye hakuwahi kufungua kinywa darasani, alijikaza: mbuzi na kuku wangu, vichwa kumi, miguu ishirini na mitano; mbuzi wangapi? Mwalimu akaandika milinganyo yake miwili, akapata mbuzi wawili na nusu. Darasa likaangua kicheko. Bibi akatamani ardhi immeze.

“Kuku mmoja ana mguu mmoja, mwalimu.”

Mwalimu hakufuta kitu. Akafumba macho, akacheka mpaka machozi, akaongeza ubaoni, kando ya miguu ya kuku: toa moja. Mbuzi wakatoka watatu, wazima. Tangu hapo hafungui somo kabla hajauliza, “Shikamoo, bibi. Kuku wetu hajambo?”