Msumeno Uliotoa Moshi

Fathiya Msabaha alikwenda Guangzhou kununua vioo vya kabati. Shehena yake ya kwanza ilifika Unguja ikiwa vigae vitupu, kwa sababu makasha yalikuwa ya mbao nyembamba zilizopigwa misumari kwa haraka. Alilia siku moja. Siku ya pili akakumbuka kwamba yeye ni seremala: alisomea ufundi chuoni, mwanamke peke yake darasani. Akarudi China, akapanga chumba kwenye kichochoro nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, akaanza kuwatengenezea wafanyabiashara makasha ya mizigo. Huu sasa ni mwaka wa tisa.

Mbao anazichania kwenye karakana ya laobani Chen, bosi mwenye msumeno wa meza na hasira za karibu. Alhamisi moja Fathiya alikuwa na kazi ya Liévin, mfanyabiashara wa Bukavu: kasha la tanuri kubwa la mikate. Lori lingefika saa nane mchana.

Ubao wa kwanza ulifika nusu, mota ikaguna, diski ya meno inayokata ikabanwa. Moshi ukafuka. Fathiya akazima. Ukingo wa ubao ulikuwa umeungua mweusi.

"Diski butu," akasema Chen. Akaichomoa, akaitupa kwenye pipa la taka, akafunga mpya. Ubao wa pili ukaungua vilevile, na safari hii ukarushwa nyuma ukapita karibu na kiuno cha Fathiya.

"Mama Fathiya," akasema Liévin, jasho likimtoka, "bateau, meli, haitatungojea. Tutafute mahali pengine?"

"Subiri kidogo, kaka yangu." Akamgeukia Chen. "Laobani, diski haina kosa. Niruhusu niupime msumeno."

"Bu xing!" Chen akapunga mkono kukataa. Mashine yake huguswa na fundi wake tu, na fundi angekuja Jumatatu.

"Sifungui kitu. Napima tu. Nikikosea, diski zote mbili nakulipa mimi."

Chen akasogea pembeni. Fathiya akachomoa plagi ukutani. Akatia alama ya kalamu kwenye jino moja la diski, akapima kwa rula ya chuma kutoka jino hilo hadi kwenye reli ya pembeni inayoongoza ubao. Mbele: sentimita kumi kamili. Akaizungusha diski kwa mkono hadi jino lilelile likafika nyuma, akapima tena. Tisa na milimita saba.

"Njoo uone," akamwambia Chen. "Reli imepinda kuelekea diski. Ubao unaingia penye nafasi, unatokea penye finyo. Lazima ubanwe, lazima uungue."

Chen akainama, akapima mwenyewe, mara mbili. Kisha akampa spana.

Fathiya akalegeza boliti, akainyoosha reli, akakaza, akapima: kumi mbele, kumi nyuma. Diski mpya ilikuwa imepinda kwa joto, basi akaichukua ile ya kwenye pipa, akaisugua ulimbo uliogandia menoni kwa maji moto na sabuni, akaikausha na kuifunga.

Akarudisha plagi. Akavuta pumzi, akasema bismillahi, akausukuma ubao.

Ukapita. Mota haikuguna. Ukingo ulitoka mweupe, na Fathiya alipozima msumeno na kuigusa diski iliposimama, ilikuwa na uvuguvugu tu.

"Voilà!" Liévin akapiga makofi. "Mama, wewe ni moto!"

Kabla ya saa nane tanuri lilikuwa ndani ya kasha, na Fathiya amepanda juu yake akirukaruka kumwonyesha Liévin kwamba halitikisiki. Vibarua wa lori wakacheka, wakalipakia.

Chen alikuja na glasi mbili za chai. Miaka yote alikuwa akimwita "Afrika". Leo alimpa chai kwa mikono miwili, akasema, "Shifu, kunywa." Ni jina wanaloitwa mafundi waliobobea, na Chen hakuwahi kumwita hivyo hata fundi wake wa Jumatatu.

Fathiya akapokea, akajikaza asicheke kwa furaha, akashindwa.